Mizinga Juu ya Saruji

Wakili hakuwahi kusomea sheria. Mahakamani aliingia mara mbili maishani, na mara zote mbili hakukalishwa upande wa mawakili. Jina hilo alipewa na watu wa maegesho ya malori kwa sababu ya tai nyekundu aliyoivaa jua liwake au mvua inyeshe, na mkoba mweusi ambao kila mtu aliamini umejaa vifungu vya sheria. Ndani ya mkoba kulikuwa na shati la akiba, mswaki na karanga. Lakini mtu mwenye tai na mkoba akishasema "kwa mujibu wa sheria", wengi hawamwombi aufungue huo mkoba, na Wakili alikuwa akiishi mjini kwa hisani ya watu hao wengi.

Asubuhi moja alikaa kwenye hoteli ya madereva inayotazamana na mizani ya barabara kuu, anamalizia chai iliyoachwa na mteja aliyeondoka kwa haraka. Mbele yake foleni ya malori ilianzia kwenye mizani ikaenda kupotelea nyuma ya kituo cha mafuta. Kila lori lilipanda polepole kwenye bamba la chuma, namba nyekundu zikawaka kwenye ubao wa juu, na dereva akafumba macho kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Aliyezidisha uzito alielekezwa pembeni. Huko pembeni kulikuwa na vilio vya kila namna: mmoja anashusha magunia, mwingine anamweleza bosi wake kwa simu kwamba faini hiyo si ya ukoo wake.

Mara kikatokea kilori kikuukuu, kimepakiwa mizinga ya nyuki hadi pomoni. Hakikuingia kwenye foleni. Mlinzi wa geti alikiona kwa mbali, akajifunika koti kichwani, akanyanyua kizuizi haraka na kupiga kelele, "Pita! Pita, baba, safari njema!" Kilori kikapita kando ya bamba bila hata kupunguza mwendo.

Wakili akaweka kikombe chini. "Yule ni mkubwa gani?" alimuuliza dereva wa meza ya pili.

Dereva huyo aliitwa Taratibu, kwa sababu ya mwendo wake. Lori lake lilikuwa huko pembeni, linashushwa saruji.

"Si mkubwa," alisema bila kugeuka. "Ni nyuki."

"Nyuki ndio wanaopigiwa saluti?"

"Ndugu yangu, zamani wenye mizani walimsimamisha mtu mwenye mizinga. Wakamweka juani tangu asubuhi mpaka mchana. Nyuki wakachoka kusubiri, wakatoka kuuliza kuna nini. Mkuu wa kituo wa wakati ule alivimba mpaka mkewe akamkatalia mlangoni, akidhani ni mgeni. Basi ndipo ikatoka amri: gari lenye mizinga ya nyuki hai lisisimamishwe mizani. Imebandikwa pale ukutani, nenda kasome."

Wakili alikwenda akasoma. Alisoma mara ya pili kwa kidole. Amri ilikuwa fupi na nzuri, na hakuna mahali iliposema kwamba chini ya mizinga kusiwe na kitu kingine. Watunga sheria ni watu wema sana. Kila wanapofunga mlango, huwa wanasahau dirisha, na Mungu amewaumba watu wembamba kama Wakili kwa ajili ya madirisha hayo.

Lakini tusimwonee. Safari hii hakuwa anatafuta hela ya kula kona nayo. Alikuwa anatafuta nyumba, kwa sababu alikuwa anamtafuta mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mwaka uliotangulia, Wakili aliiuza ile cherehani "kwa muda mfupi tu" ili anunue marobota ya viatu kutoka kwa mtu aliyekuwa na tai nzuri kuliko yake. Marobota yalipofunguliwa, viatu vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto. Mke hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akarudi kwa mama yake, na mama yake akatoa hukumu isiyokatiwa rufaa: binti atarudi siku itakapokuwapo nyumba. Si chumba cha kupanga, nyumba. Tangu siku hiyo Wakili alikuwa analala vibaya. Alizoea kusinzia huku cherehani inakimbia upande wa pili wa pazia, na ukimya wa chumba chake ulimuuma kuliko alivyotaka watu wajue.

Kwa hiyo mchana huohuo alikwenda kwa Bosi Ongeza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenye lile lori la Taratibu. Jina alijipatia kwa mdomo wake. Lori likijaa, yeye husema "Ongeza." Springi zikilia, husema, "Ongeza, hizo zinaimba tu." Ofisini kwake kulikuwa na feni iliyobeba vumbi lote la duka na kulimwagia wageni.

"Bosi," alisema Wakili, akiuweka mkoba mezani kwa uangalifu kana kwamba una mayai, "leo wamekushusha saruji tena."

"Wewe ni mtu wa kodi?"

"Mimi ni mtu wa misamaha. Kwa mujibu wa sheria, gari lenye nyuki halisimamishwi mizani."

"Mimi nauza saruji."

"Na nani amekataza saruji kusafiri na nyuki?"

Bosi Ongeza aliacha kutafuna njiti ya kiberiti. "Nyuki wanauma, bwana."

"Wanauma wakiwemo, Bosi."

Feni ilizunguka. Tabasamu likaanza kwenye sikio moja la Bosi na kusafiri mpaka la pili. "Mizinga mitupu!"

"Mimi sijasema hivyo. Nimesema mizinga."

"Unataka shilingi ngapi?"

"Hela sitaki, Bosi. Hela ina maneno mengi. Kila safari nipe mifuko ya saruji na bati mbili tatu. Na kazi ikikolea utanipa mlango mmoja, wa mbao ngumu, wenye kitasa."

Mtu anayekataa hela huaminika upesi. Walipeana mikono, na kila mmoja akatoka akimhurumia mwenzake moyoni.

Mizinga sasa. Kulikuwa na sehemu moja tu ambako Wakili angeweza kuipata bila kulipia kwanza, na sehemu hiyo ilikuwa kwa mama mkwe. Mama alifuga nyuki pembezoni mwa mji, kwenye uwanja mkubwa uliozungushiwa miti, na kati ya mizinga yake kulikuwa na michache iliyohamwa.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Umekuja na nyumba?"

"Nimekuja na njia ya nyumba, mama. Naomba uniazime mizinga sita mitupu. Kuna maonyesho ya kilimo."

Mama mkwe alivua kofia yake yenye chandarua ili amtazame vizuri. "Maonyesho gani yanayotaka mizinga isiyo na nyuki?"

"Ni elimu kwa umma, mama. Fuata nyuki ule asali."

"Mh. Na utalipa?"

"Mama, sisi si familia?"

"Ndiyo maana nakuuliza mapema. Kila safari mfuko mmoja wa saruji."

Wakili alishtuka. "Nani amesema habari za saruji?"

"Hakuna. Tai yako ina vumbi lake."

Akakubali, angefanyaje? Tena alijiona ameshinda, kwa kuwa aliruhusiwa kuhifadhi saruji na mabati yake kwenye stoo ya mama, penye kufuli kubwa. Mama mkwe naye akawa mwema kupita matarajio. Aliyeyusha nta, akaipaka ndani ya kila mzinga kwa brashi, pole pole, mpaka kwenye pembe.

"Watu wako wa maonyesho wana pua," alisema. "Mzinga lazima unukie mzinga. Na haya matundu ya mlangoni usiyazibe. Mzinga uliozibwa huota ukungu."

"Mama, wewe una upendo."

"Nina mizinga mitupu," alijibu mama, akachovya brashi tena.

Mkewe alikuwa kwenye baraza, anashona pindo kwa mkono, sindano na uzi. Wakili alisogea akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Hiyo kazi yako ni halali?" mke aliuliza.

"Kwa mujibu wa sheria..."

"Sijakuuliza sheria."

Wakili akatazama viatu vyake. "Ni kwa ajili ya nyumba," alisema, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, si ile ya kazini. "Niambie tu unataka iweje."

Mke alikata uzi kwa meno. "Nataka mlango. Mlango ninaoufunga mwenyewe nikiwa na hasira, na wewe ukiwa ndani."

Wakili aliondoka hapo anatembea juu ya mawingu.

Kazi ikaanza, na ikaenda kama siagi kwenye kikaango. Saruji ilipangwa chini, turubai likavutwa, mizinga sita ikafungwa juu kwa kamba. Katika mzinga mmoja Wakili alificha spika ndogo inayoongozwa kwa simu, ikipiga mvumo wa nyuki alioutegea masikio na kuurekodi kwa mama mkwe, kazi iliyomgharimu uvimbe wa sikio moja. Lori likikaribia mizani, alibonyeza simu akiwa amekaa kwenye ile hoteli ya madereva. Mlinzi akasikia vuuu, akajitupia koti kichwani na kunyanyua kizuizi. "Pita! Pita!" Nyuma ya usukani Taratibu alikuwa anatokwa jasho jembamba, maana leseni ilikuwa yake na watoto walikuwa wake.

Kila baada ya safari mizinga ilirudi kwa mama mkwe, na Wakili akashusha saruji yake stoo. Mama alikuwa na tabia moja ya ajabu. Aliupitia kila mzinga, akaugonga kwa kidole, akabandika sikio, kisha akatikisa kichwa. "Bado," alisema.

"Bado nini, mama?"

"Bado ni mizima. Endelea na maonyesho."

Wakili alidhani mama anakagua nyufa. Ubahili wa wazee, alijiambia, na akamhurumia kidogo.

Ila utamu una shida yake: haujui kusema basi. Bosi Ongeza alipoona lori linapita bila kupimwa, neno lake lilipata uhai mpya. Saruji ilipanda mpaka usawa wa mbao za ubavuni, ikazivuka. Juu yake zikaja nondo. Taratibu alisema springi zinaumia. Bosi akasema springi ni chuma, hazina hisia. Na kule mizani mkuu wa kituo, mwanamke mnene na mtulivu waliyemwita Mama Mizani, alianza kufikiri. Alisimama dirishani, kikombe mkononi, akitazama mizinga ikipita kwa mara nyingine. "Nyuki wote hawa," alimwambia mlinzi, "mbona asali madukani haishuki bei?"

Safari ya mwisho Bosi aliipanga iwe kubwa kuliko zote. "Na safari hii utapanda mwenyewe," alimwambia Wakili. "Ukipita, ule mlango ni wako. Nimeshautenga." Kweli alikuwa ameutenga, ulisimama nyuma ya duka umefunikwa gunia, mbao nyekundu, kitasa kinang'aa. Wakili aliufunua, akazungusha kitasa, akaufunika tena. Angepanda hata juu ya lori lenye simba.

Hawakufika mbali. Walipokuwa wanakatiza mashamba ya alizeti, mashamba yaliyochanua mpaka barabara yenyewe ilionekana ya njano, springi ya nyuma ilitoa sauti moja na kukatika. Lori likainama upande kama mzee anayetafuta fimbo yake. Taratibu aliomba lifti kurudi mjini kutafuta springi. Wakili alilitazama lori, akalitazama jua, akaamua kwamba mtu wa sheria halali chini ya trela. Akatafuta nyumba ya wageni kijiji cha pili, akaoga, akalala. Mizinga sita iliyopakwa nta, matundu wazi, ilikaa siku mbili katikati ya maua bila mlinzi. Msimulizi hapa anakohoa kidogo na kuendelea.

Springi ilipofungwa, waliondoka alfajiri kungali na ubaridi. Taratibu alitega sikio.

"Wakili, hiyo spika umeiwasha mapema hivi?"

Wakili alisikiliza. Vuuu nene, tamu, ilikuwa inatoka juu ya turubai. Alitoa simu akabonyeza ili aokoe chaji. Vuuu ikaendelea. Akabonyeza tena.

"Imezimika?" aliuliza Taratibu.

"Hizi spika za siku hizi," alisema Wakili kwa kujiamini, "zina akili zake."

Walifika mizani jua likiwa limeshapanda. Mlinzi alikuwa tayari na koti lake, lakini kizuizi hakikunyanyuka. Katikati ya njia alisimama Mama Mizani mwenyewe, mikono nyuma.

"Pandisha kwenye bamba," alisema.

Wakili alishuka na mkoba wake. "Mama, kwa heshima zote. Kwa mujibu wa sheria, gari lenye nyuki..."

"Nyuki hai. Amri inasema hai. Nataka kujua kama wako hai."

"Wasikilize wanavyovuma!"

"Hata redio yangu inavuma. Pandisha."

Taratibu, ambaye alikuwa anangoja kuambiwa hivyo tangu safari ya kwanza, akapandisha. Namba nyekundu zikaanza kukimbia kwenye ubao, zikapita mahali zilipozoea kusimama, zikaendelea. Madereva kwenye foleni walipiga miluzi. Wakili aliona mlango wake, mbao nyekundu na kitasa kinachong'aa, unakwenda zake. Palikuwa na njia moja tu: kuwatisha.

Akapanda juu ya mzigo, tai inapepea. "Jamani, mimi nimesema!" alitangaza. "Nikigonga wakatoka, msinitafute!"

"Gonga," alisema Mama Mizani.

Wakili aliugonga mzinga kama mwenye nyumba anayedai kodi. Kisha, ili kunogesha, akaunyanyua mfuniko.

Hadithi za mashujaa zinasema shujaa huonekana akikabiliwa na hatari. Wakili alionekana kwa muda mfupi sana. Waliokuwepo waliona tai nyekundu ikishuka kutoka juu ya lori bila kutumia ngazi, ikapita kati ya mlinzi na geti, ikaingia kwenye chumba cha mizani na kufunga mlango. Ndani alimkuta Mama Mizani, ambaye kwa unene wake hakuna aliyeamini alivyotangulia. Mlinzi aliingia wa tatu kupitia dirishani. Taratibu alipandisha vioo vya lori, akajikunja chini ya usukani na kumshukuru Mungu kwa kila kitu.

Nyuki wengi walimkosa Wakili. Wawili walimpata, na wote wawili mdomoni. Alipotaka kujieleza, mdomo wa juu ulikuwa umeshakutana na pua, na yule mtu aliyeweza kumuuzia mvuvi maji alibaki anasema, "Mbwa... mbwa mujibu..."

"Nyamaza, baba," alisema Mama Mizani kwa upole. "Unapuliza hewa tu."

Sasa hali ikawa hivi. Lori lilikuwa juu ya bamba, na juu yake wingu la nyuki. Hakuna aliyeweza kulisogelea, kwa hiyo halikuondoka; na kwa kuwa halikuondoka, namba ziliendelea kuwaka juu ya ubao, kubwa, nyekundu, zikisomeka mpaka kituo cha mafuta. Foleni ilipiga honi. Bosi Ongeza alipopigiwa simu alikuja mbio na gari lake, akaisoma namba akiwa bado mbali, akafunga vioo. Halafu akatazama upande wa milima na kuona jambo baya kuliko namba: mawingu meusi, yanakuja. Turubai lilikuwa limechanwa na nondo.

"Saruji yangu!" alilia ndani ya gari. "Italowa yote! Watoeni hao nyuki!"

Mama Mizani alisoma karatasi iliyobandikwa ukutani tangu ile ajali ya zamani, chini ya maneno FUNDI WA NYUKI, akapiga namba iliyoandikwa hapo. Baadaye kidogo ikaingia pikapu. Dereva alikuwa mwanamke aliyevaa khanga ya kazi, na Wakili akamtambua: mkewe. Upande wa pili akashuka mtu mwenye kofia ya chandarua na chombo cha moshi. Wakili hakuhitaji kuona uso. Aliijua ile namna ya kutembea, ya mtu asiyewahi kuambiwa ngoja.

"Afadhali umefika, mama," alisema Mama Mizani kupitia ufa wa dirisha. "Hii amri ya nyuki unaijua?"

"Naijua?" alijibu mama mkwe. "Lile lori mlilolianika juani lilikuwa langu."

Ndani ya chumba Wakili alikaa chini sakafuni. Maonyesho ya kilimo. Elimu kwa umma. Ama kweli kuna siku mtu husikia aibu mpaka kwenye kucha.

"Basi niambie wewe," aliendelea Mama Mizani. "Mzigo huu umesamehewa?"

"Msamaha ni wa nyuki. Saruji haijawahi kuuma mtu." Mama mkwe akaligeukia gari la Bosi Ongeza, akagonga kioo. Kilishuka kidogo sana. "Baba, nyuki nitawatuliza. Lakini sheria itakutaka ushushe kilichozidi hapahapa chini. Na mvua ile unaiona."

"Unataka nini?" alisema Bosi, kwa maana mfanyabiashara humjua mfanyabiashara.

"Kilichozidi, ndio ujira wangu. Nitakibeba mwenyewe."

"Chote? Mama, huo ni unyang'anyi!"

"Basi ngoja mvua. Labda itakupunguzia." Tone la kwanza likaanguka kwenye kioo, limenona.

"Chukua!" alipiga kelele Bosi Ongeza. "Chukua, chukua!"

"Ongeza," alisema mama mkwe. "Na mlango mmoja."

"Mlango wa nini tena?"

"Wa hasira za binti yangu. Mkwe wangu amenisifia mpaka kitasa chake: uko nyuma ya duka lako, chini ya gunia."

Moshi ukapulizwa. Mama alipanda juu ya lori bila haraka, akizungumza na nyuki kwa sauti ya chini kama mtu anayewalaza watoto, na wingu likapungua, likarudi ndani kidogo kidogo. Akaupitia kila mzinga. Akaugonga kwa kidole, akabandika sikio. Wakili alikuwa anatazama dirishani kwa jicho moja, na alimwona akinyanyua kichwa na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu amjue.

"Tayari," alisema mama mkwe.

Hapo ndipo Wakili alipoelewa. Ile nta. Yale matundu yasiyozibwa. Miaka mitatu mama hakuwa amepata kundi jipya, na sasa mkwe wake alikuwa amemzungushia mizinga mitupu katika mashamba yote yenye maua, kwa mafuta ya Bosi Ongeza, na juu yake akamlipa mama mfuko mmoja kila safari kwa kumfanyia kazi hiyo. Katika maisha yake Wakili aliwahi kuuza vitu vingi visivyokuwepo. Hakuwahi kumlipa mtu ili apate nafasi ya kumtumikia.

Saruji iliyozidi ilihamishwa kwa pikapu kabla mvua haijakaza, na kila mara pikapu ilipanda kwenye bamba, ikapimwa, ikakutwa halali. Mkewe ndiye aliyeiendesha. Kila alipopita mbele ya dirisha hakumtazama, ila safari ya mwisho alimtazama, akauona ule mdomo, na akafunika wake kwa kiganja. Mabega yalikuwa yanatikisika. Wakili alijua ule mtikisiko. Angeumwa na mzinga mzima ili auone tena.

Taratibu alimwambia Mama Mizani ukweli wote, akaachiwa leseni yake kwa onyo. Bosi Ongeza alilipa faini huku analia kwamba ametapeliwa, na alipoulizwa katapeliwa vipi, akapandisha kioo cha gari.

Wakili alijificha mpaka mdomo uliporudi mahali pake, kisha miezi kadhaa zaidi mpaka aibu nayo ishuke. Ndipo akafunga tai, akachukua mkoba, akaenda kudai saruji yake stoo.

Stoo ilikuwa tupu. Ng'ambo ya mizinga, pale palipokuwa na majani, palikuwa na nyumba. Ndogo, vyumba viwili na baraza, mabati mapya yanametameta, na katikati ya ukuta ule mlango wa mbao nyekundu. Kutoka ndani ilisikika sauti aliyokuwa anaikosa kila usiku: cherehani, inakimbia.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye baraza, anachuja asali.

"Mama," alisema Wakili, akijikaza, "ile saruji ilikuwa yangu. Na mabati. Kwa mujibu wa sheria..."

"Nenda mahakamani, mwanangu. Waeleze uliipataje."

Wakili akakaza fundo la tai yake.

"Nyumba ni ya binti yangu," aliendelea mama, macho kwenye asali. "Kiwanja kwa jina lake, cherehani kaikomboa kwa asali ya mizinga yako ya maonyesho. Wewe ukitaka kukaa, utakaa kama mpangaji. Kodi ni kazi: kila asubuhi unaamka na nyuki, moshi, nta, mizinga yote. Na hiyo tai uivue, tutafungia mlango wa banda."

"Mizinga yote?"

"Yote."

Wakili aliitazama ile mizinga, safu kwa safu, inavuma. Mkono wake ulikwenda wenyewe mdomoni. "Mama, hakuna msamaha wowote? Hata kidogo?"

"Upo," alisema mama mkwe. "Wa nyuki peke yao."

Cherehani ikanyamaza. Mlango mwekundu ukafunguliwa, na mkewe akasimama kizingitini, futi ya kupimia shingoni, macho makali, ila pembe za mdomo zilikuwa zinamsaliti.

"Viatu vya mguu wa kushoto," alisema. "Mizinga. Saruji ya watu. Mama yangu unamdanganya mchana kweupe. Unajua nina hasira kiasi gani?"

"Najua," alisema Wakili. Mkoba ulimponyoka, karanga zikamwagika kwenye baraza, na hakuinama kuziokota.

"Basi ingia ndani," alisema mkewe, "niufunge huu mlango."